Utafiti wa ndigana kali uko wazi, ila mfugaji bado hajaupata

Dhana: Ripoti ikishawekwa mtandaoni bure, kila mtu ameipata.

Hapana, na ndipo tunapokosea zaidi. Chukua chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe na kuua ndama wengi Afrika Mashariki. Mbinu yake ilibuniwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970: ndama huchomwa vimelea hai, na papo hapo hupigwa sindano ya oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu ili asiugue sana. Makala nyingi kuihusu zinasomwa bila malipo, zikiwemo zilizo kwenye hazina, yaani maktaba ya mtandaoni, ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, Nairobi. Lakini jambo analohitaji mfugaji limezama ndani ya Kiingereza cha kitaalamu: dozi hutunzwa zikiwa zimegandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali mno, mrija mmoja hubeba dozi za ndama wengi, na ukishayeyushwa lazima zitumike ndani ya saa chache. Maana yake, mwenye ndama wawili aungane na majirani wachanje siku moja. Pia asiache kuogesha, kwa kuwa chanjo hii haizuii ndigana baridi wala ugonjwa wa kukojoa damu. Maneno hayo yabandikwe joshoni kwa Kiswahili, na afisa mifugo ayatume kwa sauti kwenye simu. Hiyo ni kazi ya utafiti, na itengewe fedha tangu bajeti inapoandikwa.

Dhana: Cha bure hakina ubora.

Ubora huletwa na uhakiki wa wataalamu wenzako. Yapo majarida yanayomtoza mtafiti ada na kuchapisha chochote, kwa hiyo kagua jarida lenyewe kwanza.

Dhana: Kuchapisha wazi, ili kila mtu asome bure, ni kwa wenye fedha tu.

Majarida mengi humruhusu mtafiti kuweka nakala ya makala yake iliyokubaliwa kwenye hazina ya chuo chake, wakati mwingine baada ya miezi kadhaa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina hazina ya namna hiyo. Itumieni!

Dhana: Nikitoa data zangu, nitaibiwa.

Leseni ya CC BY, inayoruhusu yeyote kutumia kazi yako, humtaka anayetumia data hizo akutaje. Wa kulindwa zaidi ni mfugaji aliyekuruhusu utoe damu ng'ombe wake: ondoa jina lake na mahali hasa lilipo boma lake kabla ya kupakia faili, kisha rudi umpe majibu ya vipimo.