Kuchovya shaba kwa umeme: chuma kuwa chekundu hakutoshi

Kuchovya kwa umeme ni kutumia umeme wa mwelekeo mmoja kuitoa metali kwenye myeyusho na kuigandisha juu ya kitu. Kitu kinachochovywa hufungwa ncha hasi, bamba la shaba ncha chanya, vyote vikiwa ndani ya maji ya mrututu (chumvi ya shaba, yaani salfeti ya shaba) yenye asidi ya salfuri. Basi.

Kinachopewa jina hilo kimakosa ni wekundu unaotokea chuma kinapotumbukizwa kwenye mrututu bila waya wowote. Hapo chuma huipa shaba elektroni zake, chenyewe kikayeyuka, na shaba ikakaa mahali pake. Ni kazi ya sekunde chache, na inapendeza macho. Lakini shaba hiyo ni kama unga juu ya uso unaoendelea kuliwa. Ukisugua kwa kitambaa inatoka. Tena chuma kikishafunikwa, mabadilishano hufifia, kwa hiyo kukiacha humo usiku kucha hakuleti unene wa maana.

Ushauri unaoharibu kazi nyingi ni ule wa kuwasha umeme kwenye maji hayohayo "ili shaba ishike". Ule unga huwahi kukaa kwanza, shaba nzuri inajengeka juu yake, kisha vyote vinabanduka pamoja. Msasa na sabuni ni vya lazima, ila haviondoi tatizo hili. Dawa yake ni tabaka jembamba la nikeli kwanza, katika maji yake yenyewe. Suuza chuma, kisha kihamishie kwenye maji ya shaba kabla hakijakauka, kwa sababu nikeli iliyokauka hujivika oksidi na kukataa kushikwa. Vaa glavu: chumvi za nikeli ni sumu. Viwandani hutumia pia sianidi, sumu kali. Nyumbani usiiguse kabisa.

Kwa lita moja ya maji ya shaba, gramu 200 za mrututu na gramu 60 hivi za asidi zinatosha. Asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe si kinyume. Ampea 2 kwa kila desimita ya mraba ya uso hujenga unene wa takriban mikromita 26 (sehemu za elfu za milimita) kwa saa. Ukizidisha, kingo huwa nyeusi na zenye chengachenga.

Ile shaba ya kutumbukiza nayo ina kazi yake: mafundi huipaka kwenye chuma ili mistari ya kuchora vipimo ionekane. Iitwe shaba ya mabadilishano.