Usimjibie mzee testi ya simu

"Mzee ana demensia, simu ya tachi ataiwezea wapi, kwa hiyo namshikia namsaidia kidogo." Hii nimeisikia mpaka basi kwa familia za wazee wenye demensia (ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha kumbukumbu na kufikiri), ninaowapa testi fupi za kumbukumbu za kufanya nyumbani kwenye simu. Mtoto au mkwe anakuja nayo kwa nia njema kabisa, halafu alama zikitoka za ajabu ananiuliza mimi kulikoni.

Kwanza si kweli kwamba hawezi. Wengi walio hatua za mwanzo wanaweza, mradi umwelekeze taratibu na umpe raundi ya mazoezi kabla. Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa Marekani kuhusu demensia ya frontotemporali (inayoshambulia sehemu za mbele na za pembeni za ubongo), watu 360 walifanya testi kwenye simu zao na majibu yakaendana vizuri na vipimo vya kliniki. Sawa, wastani wa umri wao ulikuwa miaka 54, sisemi babu wa miaka 85 ataimudu vilevile, lakini mwacheni ajaribu kwanza jamani!

Pili, simu haiangalii jibu tu, inapima pia amechukua muda gani kujibu, mpaka milisekunde, kagusa wapi, kakosea mara ngapi. Ukimnong'oneza "si ile nyekundu baba?" umeharibu jibu na muda vyote viwili, hapo tunapima ubongo wako na wake kwa pamoja na mimi siwezi kuvitenganisha. Akikwama mwache akwame, kukwama kwake ndiko ninakokutafuta. Kazi yako ni chaji, miwani, kifaa cha kusikia kama anacho, kuzima notifikesheni na TV, kumkalisha muda uleule kila siku (mimi nasisitiza asubuhi) na kuandika pembeni kama kuna mtu alimkatiza. Mikono ikitetemeka niambie, maana hapo anayechelewa ni kidole, si kumbukumbu.

Alama kushuka leo haimaanishi ugonjwa umezidi ghafla. Labda hakulala, labda ameanza dawa ya usingizi, na mwenye demensia ya Lewy (aina nyingine ya demensia) anapanda na kushuka hata ndani ya siku moja, ndo maana testi ni fupi na zinarudiwa. Ila akichanganyikiwa ghafla achana na simu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, inaweza kuwa maambukizi. Alama zikipanda nazo si kwamba amepona, huenda ameizoea testi tu.

Na "simu imesema ana demensia", hapana, simu haisemi hivyo. Hata MoCA, ile testi ya kumbukumbu na kufikiri ya karatasi yenye alama 30, haitoi jibu peke yake, tunaangalia vitamini B12, tezi ya shingo, sonona, picha ya ubongo na maelezo yenu nyie mnaoishi naye.

Mkitaka kumbadilishia simu katikati ya ufuatiliaji niambieni kabla, skrini mpya inasoma mguso kwa kasi nyingine na alama za zamani hazitalinganishika vizuri na hizo mpya.