Mimea kwanza, samaki baadaye: tangi la samaki wadogo katika joto la Dar es Salaam

Wengi wanaoniita niwaandalie tangi la kioo lenye mimea hutaka kuwaona samaki jioni ileile, nami huwaomba wasubiri wiki nne hadi sita wakitazama majani na maji tu. Najua ombi hilo linachosha, lakini silegezi, kwa kuwa tangi langu la kwanza, la lita 60, nililitia maji Jumamosi, nikaweka neoni tetra kumi na wawili Jumapili, na kufikia Alhamisi nilikuwa nimeshawaopoa wote kwa wavu. Maji yalikuwa maangavu kiasi cha kuhesabu punje za mchanga, na hilo ndilo lililonidanganya. Samaki walikuwa wamepanda juu, midomo ikigusa uso wa maji, wakihema kwa haraka, na nilipomweka mmoja kiganjani niliona matamvua yake, yaani viungo vyake vya kupumulia, yameiva kwa wekundu.

Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao, kupitia matamvua, na mabaki ya chakula na kinyesi yanapooza huongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na mimea huitumia kama mbolea. Bakteria hao hujishikiza kwenye sifongo la chujio, kwenye changarawe na kwenye majani, na huzaliana polepole. Kwetu jambo hili lina uzito zaidi, maana maji ya kisima ninayotumia yana pH (kipimo cha uasidi wa maji) ya karibu 8, na katika joto la nyuzi 28 zaidi ya asilimia 5 ya amonia huwa katika hali yake ya sumu, ilhali katika maji ya pH 7 haifiki hata asilimia 1.

Kwa hiyo hupanda kwanza, tena kwa wingi, kwa sababu mimea hufyonza amonia yenyewe hata kabla bakteria hawajatosha. Valisneria, yenye majani marefu kama utepe, huyapenda maji magumu, yaani yenye madini mengi, na husambaa bila kusaidiwa. Anubia, mmea wa mito ya Afrika Magharibi na Kati, haufukiwi: shina lake nene likizama mchangani huoza, hivyo hulifunga kwenye gogo kwa uzi wa pamba mpaka mizizi ishike. Kriptokorini ndiyo inayowatia watu hofu, kwani siku chache baada ya kupandwa majani yake huweza kulainika na kuteleza kama mlenda, na mwenye tangi akaing'oa akidhani imekufa. Iacheni, mizizi ikiwa mizima, itatoa majani mapya yaliyoyazoea maji hayo. Taa huiwasha saa saba tu kwa siku, maana mwanga ukizidi mimea ikiwa bado michanga, mwani ndio unaostawi. Kila siku hudondosha chembe chache za chakula zioze na kuwalisha bakteria, na samaki hawaingii mpaka vipimo vya amonia na nitriti vyote vionyeshe sifuri. Mwenye jirani aliye na tangi la zamani, lenye samaki wazima, na amwombe kipande cha sifongo la chujio lake, kwa sababu hakuna kinachofupisha kungoja huko kama hicho.

Neoni tetra siwaweki tena. Ni samaki wa vijito vya Amazoni, wanaotaka maji laini yasiyozidi nyuzi 26 hivi, na tangi la sebuleni kwangu hufika nyuzi 30 mwezi wa Februari. Samaki wadogo waitwao gapi huyastahimili maji magumu na joto letu, na katika lita 60 madume wanane hadi kumi wanatosha. Ukichanganya na majike, kila jike huzaa takriban kila wiki nne, na huweza kuendelea kuzaa hata baada ya kutenganishwa na dume kwa kuwa huhifadhi mbegu zake. Huulizwa pia kuhusu mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa. Nawapenda mno, ila huchimba, hutafuna majani na hupigania kila pango, basi wapewe tangi lao la mawe.

Joto lina hatari nyingine, nayo huja usiku. Maji ya nyuzi 30 hubeba takriban miligramu 7.5 tu za oksijeni kwa lita, na gizani mimea nayo huitumia badala ya kuitoa. Umeme ukikatika pampu ya hewa husimama, ndiyo sababu kila tangi ninalolikabidhi huwa na pampu ndogo ya betri pembeni.

Siku ya samaki ikifika, huuacha mfuko wao uelee juu ya maji kwa dakika ishirini, huongeza maji ya tangi kikombe kimoja kimoja, kisha huwahamisha kwa wavu bila kumimina maji ya dukani, na huzima taa. Gapi hukimbilia nyuma ya valisneria na kutulia hapo. Chakula huwapa kesho yake asubuhi, wakishatoka wenyewe.