Dawa ya chini ya ulimi haijaponya moyo wako

Hapa Mombasa hii maneno iko sana, ati mtu akiweka ile dawa ya chini ya ulimi na kifua kikiacha kuuma basi moyo ushapona, zile za kila siku anaziwacha manake haoni kazi yake. Sivyo jamani. Ile ya ulimi, nitroglisirini, inapanua mishipa na kupunguzia moyo mzigo, maumivu yanatulia kwa dakika chache halafu nguvu yake inaisha, na mishipa iliyoziba iko vile vile.

Sasa hizi za kila siku ndio watu wanachanganya. Atenolol ama bisoprolol zinapunguza mapigo ili moyo usitake oksijeni nyingi ukikimbilia feri pale Likoni, amlodipine inalegeza mishipa, na kwa kuzuia maumivu hazipishani sana, daktari anachagua kulingana na presha, pumu na mengine ulonayo. Lakini aspirini na statini (zile za kushusha kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) hazitulizi hayo maumivu ya kifua, kazi yake ni kupunguza hatari ya shambulio la moyo, yani ile unayoona haifanyi kitu ndio inakulinda. Na atenolol usiikate ghafla, maumivu yanaweza kurudi kwa nguvu.

Halafu hapa wanaume wanaona haya kusema: Viagra na dawa ya ulimi hazichanganywi, presha inaweza kuporomoka ukafa. Ukiweka hicho kidonge cha ulimi keti kwanza, kizunguzungu kipo. Dakika 5 zikipita na maumivu hayajapungua, ama yanazidi, hiyo ni kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, si kungoja asubuhi.