Je, wajua kwa nini uzio humzuia elki lakini hauzuii ugonjwa wake?

Elki ni mnyama wa jamii ya kulungu anayeishi Amerika Kaskazini. Dume lake huweza kuzidi kilo 300, na pembe zake zenye matawi huanguka na kuota upya kila mwaka. Pembe hizo ndizo zilizomponza. Marekani na Kanada wapo wanaomfuga ndani ya uzio mrefu wa wavu: kwa nyama, kwa pembe changa ambazo hukatwa na kuuzwa Asia kama dawa, au kwa ajili ya mwindaji atakayelipa maelfu ya dola ili ampige risasi humo humo ndani. Mwenye pembe kubwa zaidi ndiye mwenye bei kubwa zaidi.

Elki mwenyewe uzio unamweza. Prioni, kiini cha ugonjwa wake, hauiwezi.

Prioni si bakteria wala virusi. Ni protini ya kawaida ya mwili iliyojikunja vibaya, na ikikutana na protini nzima huifanya nayo ijikunje vilevile. Stanley Prusiner alitunukiwa Nobel mwaka 1997 kwa kazi yake juu ya jambo hili. Ubongo hutoboka vitundu vidogo vidogo, mnyama hukonda, mate humchuruzika, kisha hufa. Kwa elki na jamaa zake huitwa ugonjwa sugu wa kukonda, nao ni wa ukoo mmoja na ule wa ng'ombe kichaa ulioitikisa Uingereza.

Ubaya wake ni kwamba tangu mnyama aambukizwe hadi aonyeshe dalili huweza kupita mwaka na nusu, miwili, hata zaidi. Muda huo anaonekana mzima, kumbe anatoa prioni kwa mate, mkojo na kinyesi. Kipimo cha kuaminika huhitaji kipande cha ubongo au tezi, kwa kawaida akiwa keshakufa. Anayenunua elki hai, basi, ananunua kwa macho tu. Na akishawaweka pamoja, wanakula hori moja na kukanyaga udongo ule ule mwaka mzima.

Huo udongo ndio kisa chenyewe. Ugonjwa ulionekana kwanza mwaka 1967 katika kituo cha utafiti huko Fort Collins, jimbo la Colorado, kwa kulungu waliofungiwa. Zaidi ya miaka kumi baadaye Elizabeth Williams, daktari wa mifugo, alichunguza ubongo wao kwa hadubini na kuutambua ni wa aina gani. Kituo kikaamua kujisafisha: wanyama wakauawa, ardhi ikalimwa, ikanyunyiziwa klorini, ikaachwa tupu kwa muda mrefu. Kisha wakaletwa ndama wa elki kutoka nje. Baadhi yao waliugua. Prioni hushikamana na chembe za udongo, hasa wa mfinyanzi, na hudumu humo miaka.

Uzio hauna dawa ya hilo. Elki wa porini na wa ranchi hugusana pua kupitia wavu, mvua huchukua uchafu upande wa pili, na mti ukiangukia uzio njia imefunguka. Mwaka 2006 elki wengi walitoroka ranchi moja ya jimbo la Idaho, karibu na hifadhi ya Yellowstone, na gavana akaamuru wapigwe risasi. Lakini mlango mkubwa kuliko wote ni lori. Mwaka 1996 ugonjwa uligunduliwa kwenye ranchi ya elki jimboni Saskatchewan, Kanada. Mwaka 2001 ukaonekana Korea Kusini, kwa elki walionunuliwa Kanada. Bahari yote hiyo, na hakuna mnyama aliyeruka uzio! Hata hivyo, si haki kuzitwika ranchi kila kisa: mwaka 2016 Norwei iliukuta kwa paa wa theluji wa porini, jamaa wa elki, ikalazimika kuua kundi zima la zaidi ya 2,000.

Na uwindaji wenyewe? Wenye ranchi husema elki wao ni mali yao kama ng'ombe, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ila mimi naiona inawarudi: ng'ombe haitwi windo. Cha kushangaza, wapinzani wakali wamekuwa wawindaji wenyewe. Klabu ya wawindaji ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, na wenzake, haiandiki katika rekodi zake pembe za mnyama aliyeuawa ndani ya uzio asioweza kuutoroka. (Ni Roosevelt yule yule aliyeshuka Mombasa mwaka 1909, na pamoja na mwanawe wakaua wanyama zaidi ya 500. Hakuwa mtu wa kuwaonea huruma.) Mwaka 2000 wapiga kura wa jimbo la Montana walipiga marufuku ranchi mpya na uwindaji wa kulipia ndani ya uzio. Miaka kumi baadaye wale wa jimbo la Dakota Kaskazini waliulizwa kuhusu uwindaji huo, wakakataa kuupiga marufuku.

Kuhusu nyama, hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata ugonjwa huu. Mamlaka za afya za Marekani hata hivyo hushauri mnyama apimwe kabla ya kuliwa, na akikutwa nao asiliwe, kwani prioni haifi kwa kuchemshwa wala kuchomwa jikoni.