Mtandao kukataa kujipanga si kadi kufa

Hapa Mombasa, hata kwa mafundi wa saiba, ukisakinisha Debian (mfumo wa kuendesha kompyuta) na mtandao ukakataa kujipanga wenyewe, utaambiwa kadi ya mtandao imekufa. Sivyo. Kompyuta haijipi anwani (namba ya kuitambulisha mtandaoni), huomba. Hupiga hodi kwenye waya mzima, na ruta yenye DHCP, yaani huduma ya kugawa anwani, huikopesha anwani kwa muda, pamoja na lango la kutokea na seva ya majina, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Hodi isipoitikiwa, kwanza tazama waya uliolegea, ruta iliyozimwa, au kadi ya Wi-Fi iliyokosa programu yake ya ndani (hiyo imenikesheza mimi). Jaribu tena, au andika anwani kwa mkono. Ukiwa na diski kamili ya kusakinishia, isiyotegemea mtandao, ruka hatua hiyo ya kupanga mtandao uendelee. Mtandao utaupanga baadaye.