Beto (Zege) Haishikilii Mlima: Dhana Potofu za Wanaojenga Kwenye Miteremko ya Bukavu

"Injinia, hapa nitatia beto ya nguvu, msingi ushuke mita mbili, huu mlima hautanifanya kitu." Karibu kila anayeniita kuangalia parseli (kiwanja) Kadutu au Panzi, hapa Bukavu, hunipokea na maneno hayo. Nimeyachoka, kwa hiyo naanza nayo.

Sehemu kubwa ya Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, imekaa juu ya basalti, mwamba wa volkano, iliyooza kwa muda mrefu ikawa udongo mwekundu wa mfinyanzi, mnene wa mita nyingi. Udongo huo ukilowa sana unalegea, na tabaka la juu linateleza juu ya lile la chini. Sasa fikiri: utelezi, yaani pale tabaka linapotelezea, ukiwa mita kumi na tano chini, msingi wako wa mita mbili uko ndani ya kile kinachoondoka. Nyumba itasafiri nacho, beto na nondo zake, kama kikombe juu ya sinia lililoinamishwa. Nenda mtaa wa Funu ukaone. Ule mteremko unatembea polepole mwaka hadi mwaka, na hauulizi nani alijenga kwa mbao na nani kwa matofali. Mwenye nyumba ya mbao angalau huinyoosha na kupigilia misumari upya. Ya beto hupasuka katikati.

Tena mara nyingi ni ujenzi wenyewe unaouamsha mlima. Ili upate uwanja sawa, unakata mguu wa mteremko. Udongo uliochimba unaumwaga ukingoni, juu ya jirani wa chini. Mabati hayana mifereji, maji yote ya paa yanapiga mahali pamoja, na shimo la choo linavujisha maji nyuma ya nyumba. Umeuondolea mlima egemeo, umeutwika mzigo, kisha unaumwagilia. Halafu unaniuliza kuhusu simenti! Ukuta wa kuzuia udongo unafaa kwa maporomoko madogo ya juujuu, ila uwe na matundu ya kutolea maji. Nyingi ninazoziona ni nzuri za mawe, tundu hata moja hakuna. Kwangu mimi pesa ya kwanza inaenda kwenye mifereji.

"Ufa huu ni wa tetemeko la 2008." Kweli, lile la tarehe 3 Februari lilipasua nyumba nyingi. Lakini ufa wake ulifunguka ukatulia. Chora alama mbili za penseli, moja kila upande wa ufa, andika tarehe, upime kwa rula kila mwisho wa mwezi. Ukiendelea kupanuka, tetemeko halihusiki. Kisha toka nje: ufa ukitoka ukutani ukaingia sakafuni, ukavuka uani hadi jikoni kwa mama jirani katika mstari mmoja, na mlango uliofunga vizuri wakati wa Noeli sasa unakwaruza chini, hayo si mambo ya fundi wa rangi. Na tafadhali, usiuzibe kabla sijaja. Unanifutia alama.

"Mlima ulishaanguka zamani, umemaliza." Kinyume kabisa. Udongo ulioanguka umevunjikavunjika, utelezi uko tayari pale chini, unangoja maji. Parseli za namna hiyo huwa nazikataa, hata chefu wa mtaa awe amesaini karatasi zote.

"Mikaratusi itashika udongo." Mizizi hushika mita chache za juu, na hapo inasaidia kweli. Utelezi ukipita chini yake, miti inaondoka pamoja na nyumba. Ukiona vigogo vimepinda chini kisha vikanyooka kwenda juu, udongo wa pale una safari.

"Mvua imekata, tulale." Maji huchukua muda kushuka ndani, na mteremko mrefu unaweza kuondoka siku kadhaa baada ya jua kurudi. Chemchemi mpya chini ya kilima, au ya zamani iliyogeuka tope ghafla: toka na watoto kwanza, simu baadaye.

"Sisi tuko chini, kwenye tambarare." Nyamukubi na Bushushu, kule Kalehe, Mei 2023: walikufa zaidi ya watu 400, na tope na mawe vilishuka na mito kutoka milimani. Kwa parseli iliyo kwenye mdomo wa kijito sihangaiki na kuta. Nachimba uani nikitafuta mawe makubwa yaliyochanganyika na tope la zamani. Nikiyakuta, kijito kilishapita hapo, na kitapita tena.